Mwalimu Aliyeogopa Kuanguka

Mwalimu alipokuwa akishuka mtaa wa Biryogo, ungemtambua kabla hujaona uso wake. Alitembea ameshikamana na ukuta wa upande wa juu, kiganja kinapapasa matofali, macho hayaendi kabisa upande wa bondeni. Mtaa wetu umejengwa kwenye mteremko, na kati ya ua na ua kuna kuta za mawe zinazozuia udongo usiporomoke. Watoto tulikuwa tunaruka kuta hizo kutwa nzima. Yeye alizunguka njia ndefu, apite kwa msikiti, apite kwa mwenye bucha, mradi asikanyage ngazi isiyo na pa kushika. Na mtu huyo ndiye aliyetufundisha habari za vitu kuanguka.

Nacheka nikisema hivyo, lakini ni cheko la mapenzi. Mimi ni fundi cherehani, si mtu wa vitabu, na nimewapimia nguo watu wengi sana wa mji huu wa Kigali. Hakuna hata mmoja aliyenikaa kichwani kama yeye. Jina lake nalijua, lakini sijawahi kusikia mtu akilitumia. Alikuwa Mwalimu tu, hata mkewe alimwita hivyo siku alizomkasirikia.

Niseme kwanza lile swali, maana mengine yote yanatoka hapo.

Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni. Nilikuwa darasa la juu katika shule ndogo ya mtaani kwetu. Mwalimu alitufundisha fizikia kwa Kifaransa kama kitabu kilivyotaka, halafu anafunga kitabu na kutueleza upya kwa Kiswahili. Siku hiyo alichora jiwe ubaoni, chini yake akachora mshale unaotazama ardhi. Huo mshale, akasema, ni nguvu. Dunia inalivuta jiwe.

Sasa mimi wiki hiyo nilikuwa nimeanguka ukutani nikifukuza kuku wa mama, na kiwiko bado kilikuwa kimefungwa kitambaa. Nikanyoosha mkono ule mzima.

"Mwalimu, mimi nimeanguka juzi. Mtu akinivuta mkono, nasikia ananivuta. Lakini nilipokuwa hewani sikusikia kuvutwa na kitu. Kama ni nguvu inatuvuta, mbona anayeanguka hasikii kuvutwa?"

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Aliutazama ule mshale wake muda mrefu, mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

"Ulisikia nini?" akaniuliza.

"Tumbo lilikuwa jepesi. Basi."

"Na ulipofika chini?"

"Chini ndiyo nikaumia."

Akapangusa chaki vidoleni. Akasema, "Sijui." Tukadhani anatania. Akasema tena, "Sijui, binti. Nitakujibu. Lakini nitakujibu siku nitakayojua mwenyewe, si siku nitakayosoma mahali."

Neno hilo "sijui" lilifika nyumbani kabla yetu. Lazima uelewe hali yetu ilivyokuwa. Sisi Waislamu wa Biryogo, wengi babu zetu walikuja na biashara kutoka pwani, na watu wa mjini walishazoea kusema kwamba sisi tunajua kuuza na kushona tu. Shule ile ilikuwa macho yetu. Wazazi waliposikia mwalimu wa darasa la juu amesimama mbele ya watoto akasema hajui, tena kwa swali la msichana, walikwenda kwa mkuu wa shule. Mkuu hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu na watu wamejaa mlangoni. Akamwita Mwalimu, akamwomba jambo dogo: rudi darasani, sema ni nguvu kama kitabu kinavyosema, mambo yaishe.

Mwalimu akamjibu, "Kitabu nimeshawasomea, na hesabu zake zinatoka sawasawa. Lakini yule hakuniuliza kitabu kinasema nini."

Basi wakamnyang'anya darasa la juu. Wakampa watoto wadogo, wale wanaojumlisha kwa vijiti. Huko ndiko alikofundisha miaka yote iliyobaki, na fizikia ikapewa mtu mwingine ambaye alikuwa anajua kila kitu.

Mimi nami sikukaa shule sana. Baba alifariki, mama akanikalisha kwenye cherehani yake barazani, na kwenye kazi hiyo nimekaa mpaka leo. Mwalimu alipita kila alasiri akitoka kwa watoto wake wa vijiti, mkono ukutani. Nikimwona nasema, "Asalaam aleikum, Mwalimu. Jibu langu?" Naye anasema, "Waaleikum salaam. Bado, binti." Ikawa ndiyo salamu yetu. Mwanzoni nilikuwa namtania. Baadaye nilikuwa nauliza kweli, kwa sababu niliona swali langu limemgharimu darasa lake, na nilitaka sana siku moja aseme tayari.

Mambo ya mtu huyu yalikuwa mengi na hayakulingana. Alipouliza darasa, "Mmeelewa?" nasi tukaimba kwa pamoja, "Ndiyo, Mwalimu," yeye anatujibu taratibu, "Waongo." Hapo anaketi. Haendelei mpaka mmoja anyanyuke aseme asichoelewa, naye akifanya hivyo, Mwalimu uso wote unakunjuka. Ukimletea habari ya mtaani, iwe ya ndoa au ya bei ya sukari, anakuuliza, "Umeona, au umesikia?" Kwa hiyo wambea walimkwepa. Lakini mtu huyohuyo alipiga marufuku mluzi nyumbani kwake, akidai unaita nyoka. Nikamwuliza kama ameshajaribu. Akanitazama kama nimemtukana. "Hayo hayajaribiwi," akasema.

Na suruali zake. Alitaka mkunjo wa pasi unyooke kuanzia kiunoni hadi kwenye kiatu, na upindo wa chini uwe mpana, ili siku moja, akirefuka, uweze kuteremshwa. Alikuwa ameshapita miaka arobaini. Nikamwambia, "Mwalimu, wewe hurefuki tena." Akasema hilo halijathibitishwa.

Watu walimwona mkavu, maana na wakubwa wenzake alizungumza kwa neno mojamoja. Lakini nilipita siku moja karibu na darasa lake la vijiti nikamsikia anabishana na mtoto mdogo kabisa kuhusu kwa nini sifuri haina kijiti, na alikuwa anabishana kwa adabu, kama wanavyobishana watu wawili wenye ndevu. Yule mtoto alishinda.

Sasa nieleze jinsi alivyolitafuta jibu langu, maana hakulitafuta peke yake. Sote barazani tulitumika.

Kwanza lilikuwa kopo. Alikuja nalo Ijumaa, amevaa kanzu yake nyeupe ya kuendea msikitini, kopo tupu la maziwa ya unga. Alikuwa amelitoboa kwa msumari karibu na kitako. Akalijaza maji, akaziba tundu kwa kidole, akanipa. "Panda ule ukuta wa nyuma," akasema, "mimi nitabaki chini." Nikapanda. Akaniambia niondoe kidole: maji yakatoka kwa mchirizi mzuri, yakarukia mbali. "Sasa liachilie."

Nikaliachilia, na yeye amelikodolea macho. Kopo lilipoondoka mkononi mwangu, ule mchirizi ukakatika. Maji hayakutoka. Tundu lilikuwa wazi na maji yamo, lakini njia nzima ya kushuka hakuna tone lililotoka. Kisha kopo likapiga ardhi na maji yote yakamrukia Mwalimu, kanzu ikawa tope tupu.

Mama yangu alitoka jikoni akamwona amesimama hivyo. "Mwalimu," akasema, "na adhana iko inaita."

Yeye hakusikia adhana. Alikuwa ananitazama mimi pale juu. "Umeona? Nilipolishika, maji yalikuwa na uzito, yanasukumana kutoka. Lilipoanguka, uzito ukaenda wapi?" Tulirudia mara nyingi. Kila nilipoligusa kopo maji yalitoka, kila nilipoliacha yalitulia. Aliswali swala hiyo kwa kanzu ya kuazima.

Jambo la pili lilitoka kwenye kazi yangu. Sketi iliyokatwa mshazari, yaani kitambaa kimegeuzwa upande badala ya kufuata uzi, huwezi kuipinda chini siku hiyohiyo. Lazima uining'inize kwanza, siku mbili au tatu, kwa sababu kitambaa hicho kinashuka. Ukikipinda mapema, mteja atavaa wiki moja na upindo utakuwa juu huku na chini kule. Kwetu kila fundi anajua hivyo, na baraza letu daima lilikuwa na sketi zinazongoja kwenye kamba.

Mwalimu alisimama mbele ya mojawapo. "Hii inasubiri nini?"

"Inashuka, Mwalimu. Uzito wake unaivuta."

"Inashuka?" Akaishika pindo kwa vidole viwili. "Haishuki hii. Kamba imeizuia isishuke. Tazama inavutika wapi zaidi."

Nikatazama. Nilikuwa nimeshona sketi mamia bila kutazama. Inavutika zaidi juu, karibu na kamba, pale iliposhikwa. Kule chini kabisa imelegea.

"Sasa ukiikata kamba," akasema, "njiani ikiwa inaanguka, itaendelea kuvutika?"

Nikafikiria lile kopo. "Haitavutika."

"Haitavutika," akasema naye. "Basi binti, kinachoinyoosha nguo yako si kule kuanguka. Ni kule kuzuiliwa." Akaondoka, mkono ukutani, akaniachia kazi ya mteja wa kesho na kichwa kimejaa.

Halafu ikaja habari ya lifti, ambayo mwenye bucha aliisimulia mpaka mwisho wa uhai wake. Mwalimu alitaka kupima uzito wa kitu kinachoshuka, na akasikia hoteli moja kule Kiyovu ina lifti. Alikwenda kumwomba mwenye bucha ile mizani yake ya kuning'iniza, yenye mshale. Mwenye bucha akasema mizani haiendi popote bila yeye, na yeye haendi popote bila kujua anakwenda kufanya nini. Basi tukapanda mlima sisi watatu, na kipande cha paja la ng'ombe ndani ya karatasi.

Ndani ya lifti Mwalimu aligeukia pembeni, akaegemeza paji la uso ukutani na kufumba macho. Mwenye bucha alishika mizani, nyama inaning'inia. Mimi nilipewa kazi ya kusoma mshale.

Tulipoanza kupanda, mshale ukateremka, nyama ikawa nzito kidogo. Ukarudi mahali pake. Tulipoanza kushuka, nyama ikawa nyepesi.

"Inasema nini?" Mwalimu akauliza, uso bado ukutani.

"Imepungua, Mwalimu. Sasa imerudi."

"Sha, iko inapungua kweli," akasema mwenye bucha. Akatazama nyama yake, akatazama juu. "Kumbe mimi ningeuza nyama hapa ndani, wakati iko inapanda."

Tulipanda na kushuka mpaka wageni wawili wenye masanduku wakafunguliwa mlango, wakakuta paja la ng'ombe. Bawabu alikuja. Mwalimu alimweleza kwa Kifaransa kizuri kabisa kwamba tunatafuta kujua kama uzito ni kitu cha nyama au ni kitu cha sakafu. Bawabu akasema vyovyote vile, kitafutwe nje. Njia nzima ya kurudi Mwalimu alikuwa anatabasamu peke yake, na kwenye mteremko alinishika bega kwa sababu upande ule hakukuwa na ukuta.

Wakati huohuo alikuwa anasoma. Alikwenda kwenye maktaba mjini, anasoma Kifaransa chao kizito, kisha anakuja kunitafsiria barazani nikiwa nashona. Aliniambia wako wazee wawili wa jambo hili. Mzee wa kwanza, wa zamani, alisema ni nguvu: kila kitu chenye uzito kinakivuta kingine, dunia inavuta jiwe, inavuta na mwezi. "Na usimdharau," akasema, "hesabu zake zinatosha kujenga daraja na kupeleka watu mwezini." Mzee wa pili alikuja nyuma sana. Yeye akasema hakuna anayevuta. Kitu kizito kinapinda mahali na wakati pembeni yake, na kinachoanguka kinafuata tu njia iliyonyooka kuliko zote, kimeachwa huru. Anayesumbuliwa ni yule aliyesimama.

"Mahali na wakati," nikasema. "Hiyo sijaielewa."

"Ya mahali nitakuonyesha. Ya wakati hata mimi naachwa nyuma kidogo."

Akaingia jikoni kwa mama akatoka na boga. Akaniomba uzi. Akabana uzi mmoja kiunoni mwa boga, akaunyoosha kwenda juu kwenye kikonyo, umebana vizuri, haukupinda kulia wala kushoto. Akaweka wa pili kando yake, nao ukaelekea juu vilevile. Pale kiunoni nyuzi mbili zilikwenda bega kwa bega, hazikuelekeana hata kidogo. Lakini kadiri zilivyopanda zilisogeleana, na kwenye kikonyo zikakutana.

"Nani amezivuta zikutane?" akaniuliza.

"Hakuna. Ni boga lenyewe. Ni la mviringo."

"Na mtu ambaye hajui kuwa boga ni la mviringo, atasema nini?"

Nikawaza. "Atasema kuna nguvu kati yao."

Alifurahi mpaka akatoa kofia. Hapo mama akaja. "Mwalimu, hii boga iko ya kupika, haiko ya kufundisha." Akalichukua na nyuzi zake, na usiku wake tulitoa uzi mwekundu kwenye sahani.

Kwangu mimi jambo lilikuwa limekwisha siku hiyo. Nilimwambia, "Basi Mwalimu, hilo ndilo jibu langu. Ahsante."

"Hilo ni jibu la mzee," akasema. "Langu bado."

Hapo nilianza kuchoka naye, nasema ukweli. Shuleni alikuja mkuu mpya ambaye alisikia sifa zake, akataka kumrudishia darasa la juu. Wazazi wa zamani walishasahau. Mwalimu akamwambia kwamba aliahidi mbele ya darasa hilo kumjibu mwanafunzi mmoja, na hawezi kusimama pale tena akiwa hajamjibu. Mkuu akangoja muhula mzima, akatafuta mtu mwingine.

Alipopita alasiri niliacha cherehani. "Mwanafunzi mwenyewe si mimi? Mimi nimesema nimejibiwa. Rudi ukafundishe."

"Umejibiwa na kopo, na nyama, na boga."

"Si inatosha?"

"Wewe uliniuliza anayeanguka anasikia nini." Akatazama kidogo upande wa bondeni, akaondoa macho haraka. "Bado, binti."

Nilikasirika, nikakaa siku kadhaa bila kumwuliza jibu langu. Aliposalimu niliitikia tu na kuinamia kazi. Yeye alipita vilevile, mkono ukutani. Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia.

Miaka ikaenda. Watoto wa vijiti wakawa watu wazima wanaokuja kushonewa suti za harusi, na kila mmoja nikimwuliza, "Umeelewa bei?" alicheka akasema, "Usiniite mwongo." Mama alizeeka, nikachukua chumba changu mwenyewe chini kidogo ya baraza la zamani, chenye ua nyuma na ukuta wa mawe unaopakana na ua wa juu. Mwalimu alistaafu. Mkewe akafariki, Mungu amrehemu, na baada ya hapo mkunjo wa suruali zake haukunyooka tena, nami nikawa nampigia pasi bila yeye kuniomba. Hakuwa akipita kila siku. Akipita, namwuliza. Bado, binti.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, alasiri, msimu wa kiangazi. Nilikuwa uani nakunja vitambaa. Nikasikia juu ya kichwa changu, "Asalaam aleikum."

Nikainua uso. Mwalimu alikuwa amesimama ukingoni mwa ukuta wa ua wa juu, ameshavua viatu, ameviweka pamoja vizuri. Kwa mkono mmoja alishikilia mti wa kamba ya kuanikia. Miguu yake ilikuwa inatetemeka mpaka nikaona suruali inacheza. Ukuta ule unanifika kifuani, watoto wanauruka bila kuutazama. Lakini mzee wa umri ule, na macho yale yasiyothubutu kutazama bondeni.

"Mwalimu, rudi nyuma."

"Acha kazi. Njoo utazame, nataka shahidi."

"Unataka kufanya nini?"

"Sijawahi kuanguka, binti." Alisema polepole, akitazama mbele, si chini. "Maisha yangu yote. Tangu mtoto niliogopa, nikajipangia kila njia nisianguke. Ulipotoa swali lile nilijua palepale kwamba wewe una kitu ambacho mimi sina. Ulikuwa umeanguka. Nikatuma kopo. Nikatuma nyama. Nikakutuma wewe ukutani. Mwenyewe sikwenda."

Nikajua sasa ni nini kilichokuwa kinangojwa miaka yote hiyo, na kwa nini alilikataa darasa.

"Shuka kwa ngazi," nikamwambia. "Niambie tu hapa chini. Nitakuamini."

"Huo ndio ubaya wake," akasema. "Utaniamini."

Niliona hatarudi. Basi nikafanya nilichoweza kufanya. Nikaingia ndani nikaburuta magunia ya vipande vya nguo, mabaki ya mkasi ya mwaka mzima, nikayamwaga chini ya ukuta yakawa lundo. Pamba, kitambaa cha suti, satini ya maharusi. Alisubiri kwa subira, kama anavyosubiri mtu fundi amalize kupima.

"Bismillah," akasema, akauachilia ule mti.

Hakuruka, aliachia tu. Ilikuwa kitu kidogo sana, ningepepesa macho ningekikosa. Nilimwona akiwa hewani na uso wake umefunguka, macho yako wazi kabisa, kisha akafika, nusu kwenye vitambaa, nusu kwenye udongo, akaketi kitako na mguu mmoja umekunjika vibaya.

Nikamkimbilia. "Umeumia wapi?"

"Si hilo." Alikuwa anahema. "Niulize lile."

"Mwalimu, mguu wako."

"Niulize kama ulivyouliza siku ile."

Nikapiga magoti kwenye vile vipande. Mimi mwanamke mzima, na utepe wa kupimia shingoni, sauti ikanitoka ya msichana. "Mwalimu, kama ni nguvu inatuvuta, mbona anayeanguka hasikii kuvutwa?"

"Kwa sababu hakuna anayemvuta," akasema. "Nilipouacha ule mti, sikusikia kitu. Nilikuwa sina uzito. Hofu yote ilikuwa kabla, nilipokuwa bado nimeshikilia." Akaweka kiganja chake kwenye udongo, akakibana pale. "Ni huyu. Huyu ndiye ananisukuma, saa hii, na jana, na tangu niliposimama mara ya kwanza. Nimesukumwa kutoka chini maisha yangu yote nikidhani navutwa. Kule hewani ndiko nilikoachwa huru."

Alikuwa analia kidogo, na mimi pia. Kifundo cha mguu kilianza kuvimba. Nikakifunga kwa kipande cha satini nyeupe, na nilipotaka kumwinua akanizuia kwa mkono.

"Keti kwanza," akasema. "Ketini chini." Alisema hivyo, kana kwamba tuko wengi.

Nikaketi kando yake kwenye udongo wa ua wangu. Nikajaribu kuusikia, nikausikia: ardhi imenibeba na inanisukuma juu, kwenye mapaja, kwenye nyayo, kila mahali iliponigusa. Kwa jirani mtu alikuwa anaendesha cherehani.

Mwalimu akanigeukia, akapangusa vidole vyake udongo kama alivyokuwa akipangusa chaki.

"Umeelewa?" akaniuliza.

Neno lile la kuimba lilinijia mdomoni lenyewe, nikalirudisha.

"Hapana, Mwalimu," nikasema. "Ile ya wakati, bado sijaielewa."

Uso wake wote ukakunjuka.

"Vizuri," akasema. "Uliza."